Kuchuma kwa Kupapasa

Shangazi yangu, anayeishi kule chini karibu na Ishiara, alimpoteza punda wake kwa sababu ya huruma. Nilikuwa na miaka tisa, nimepelekwa kwake likizo ya Agosti, na mimi ndiye niliyeshika kamba. Mtu wa kupuliza dawa ya kupe alikuwa amekuja na pampu mgongoni. Alipuliza ng'ombe wawili, kisha mbuzi mmoja baada ya mwingine, na yale maji meupe yenye harufu kali yakachuruzika mpaka kwenye kwato. Kufikia jioni kupe walikuwa wakidondoka kama mbegu za mbarika. Lakini kabla ya mtu huyo kufunga pampu yake, shangazi alimtazama punda aliyekuwa amefungwa kando, masikio yamejaa kupe, akasema, "Huyu ndiye anayetuletea maji kila siku, halafu ndiye anyimwe dawa? Mpulize na yeye."

Yule mtu hakubisha. Punda alipulizwa vizuri kuliko wote, hata ndani ya masikio.

Siku iliyofuata aliacha kula. Alisimama akiyumba, anageuza kichwa kutazama ubavu wake mwenyewe kana kwamba kuna mtu aliyemwita kutoka huko. Shangazi aliweka sikio kwenye tumbo lake, akasema halina sauti hata moja. Ng'ombe na mbuzi walikuwa pale pale wakitafuna, mikia inapepea. Afisa wa mifugo alifika kwa pikipiki siku ya tatu, punda akiwa tayari amelala chini.

"Mama, hii dawa ni ya ng'ombe na mbuzi," alisema. "Kwa punda inasimamisha matumbo."

"Na imejuaje kwamba huyu ni punda?" shangazi akauliza.

Afisa alianza kucheka, kisha akaona shangazi hacheki. "Hilo uwaulize walioitengeneza," akasema.

Punda alikufa alasiri hiyo. Nilirudi kwetu Runyenjes na swali la shangazi kichwani, na halijanitoka hadi leo. Miaka mingi baadaye mfuga nyuki mmoja aliniambia kwamba dawa ya aina hiyo hiyo hutumika kuua utitiri ndani ya mizinga, na nyuki wanabaki wakifanya kazi zao. Sikulala vizuri siku hiyo. Inaua kupe, inamwacha ng'ombe. Inaua utitiri, inamwacha nyuki, ambaye kwa macho yangu ni mdudu kama mdudu mwingine. Halafu inamuua punda. Inajuaje?

Labda ningesoma ningepata jibu mapema. Niliacha shule kidato cha pili. Baba alikuwa ametangulia, mama akafuata mwaka uliofuata, nami nilikuwa na miaka kumi na sita. Ndugu yangu wa kiume alikuwa na kumi na mmoja, na mdogo wetu wa kike sita. Mama alituachia miti ya kahawa iliyopangwa kwa mistari minane kwenye mteremko, ng'ombe mmoja, na nyumba ya mbao. Nilijifunza kahawa kwa kufuata nyayo zake. Nilijua alipogoa wapi, nikapogoa hapo hapo. Nilijua alipulizia kopa mvua zinapokaribia, ule unga wa buluu unaokorogwa kwenye maji ili kuvu isikamate matunda, nami nikapulizia. Kila mara nilipoiona ile buluu imekauka kwenye majani nilijiuliza swali lile lile. Kuvu inakufa, mti unabaki. Nani ameiambia?

Ndugu yangu alipokua alienda Laare kupakia miraa, na yuko huko hadi sasa. Mdogo wangu alibaki nami. Ameshamaliza kidato cha nne, na ana mdomo mrefu kuliko shule aliyosoma.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, alianza kukohoa na hakuacha. Alikonda hadi sketi yake ikawa inazunguka kiunoni. Kituo cha afya walichukua makohozi, wakatuambia ni kifua kikuu, tena chenye wadudu waliokwisha kuizoea dawa mojawapo. Kwa hiyo zile dawa nyingine, ambazo wagonjwa wengi humeza baadhi yake kwa miezi miwili tu, yeye angezimeza zote miezi sita kamili. Daktari wa pale, mwanamke wa umri wangu anayevaa sweta hata jua likiwaka, alinitazama akasema, "Anahitaji mtu wa kumsimamia. Kila siku. Amwone akimeza."

"Mimi," nikasema.

Nilipewa kadi yenye visanduku vidogo, kimoja kwa kila siku. Sijawahi kupata cheti chochote kizuri kuliko kadi hiyo. Kila asubuhi kabla ya uji nilimwekea vidonge mkononi, nikamtazama akimeza, nikamwambia afungue mdomo, ainue ulimi, kisha nikatia alama kwa kalamu ya buluu.

"Hata ng'ombe hatazamwi ulimi hivi," angesema.

"Ng'ombe hasemi uongo."

Mwanzoni mkojo wake uligeuka rangi ya soda ya machungwa. Alinipigia kelele kutoka chooni nije nione, nami nikaenda kuona. Daktari alikuwa ametuonya kwamba moja ya zile dawa hufanya hivyo na haina neno. Lakini mimi nilisimama pale nikifikiri: basi dawa imepita mwili mzima, imefika hadi huku chini, imegusa kila kitu njiani, na kinachokufa ni wadudu wa mapafuni tu. Yeye aliniambia nitoke, choo si darasa.

Mwezi wa pili wa dawa kikohozi kilikatika. Wa tatu alikuwa anakula chapati nne. Oktoba, msimu mkubwa wa kahawa ulipoanza kuiva, alikuwa na nguvu za kutosha kubeba kikapu, na makohozi yake yalipopimwa tena hayakuonyesha mdudu.

Tulikuwa tunachuma sisi wawili, yeye mstari wake na mimi wangu. Kahawa nzuri huchumwa tunda moja moja. Kwenye tawi moja yapo mekundu, yapo ya manjano yanayogeuka, na yapo mabichi kabisa, na mkono lazima uchague. Matunda mabichi yakichanganyika na mabivu yanaharibu ladha, na kiwandani hawayapokei. Kabla ya kupima, kila mkulima humwaga matunda yake juu ya turubai uwanjani, akachambua mbele ya watu wote, na karani hupita akitazama.

Siku ya kwanza karani alisimama mbele ya rundo la mdogo wangu. "Dada, hii ni kahawa ama ni ndengu?"

Watu walicheka. Kweli, kulikuwa na mabichi mengi, kijani kama ndengu. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye sisi humwita cucu, alisema kutoka turubai la pili, "Mwacheni mtoto. Anachuma akiwaza bwana."

"Cucu, bwana mwenyewe akiwa mbichi nitamrudisha pia," mdogo wangu akajibu, na watu wakacheka zaidi. Lakini niliona kwamba hakuinama kuchambua. Alikaa akinisubiri nichambue mimi.

Mara ya pili yalikuwa mengi zaidi, na karani hakutania tena. Aliturudisha nyuma ya foleni. Njiani kurudi nyumbani nilimwambia mdogo wangu maneno ambayo ningependa kuyasahau. Nilimwambia kwamba amezoea kuuguzwa. Nilimwambia anachuma kama mtu aliyetumwa kuharibu kahawa ya mama. Hakujibu hata neno moja, na hilo, kwake, lilipaswa kunishtua.

Kesho yake shambani nilijificha nyuma ya mti wa kahawa nimtazame. Nilitaka kumkamata akicheza na simu. Hakuwa na simu. Alikuwa akichuma kwa bidii sana, tena polepole, na kabla ya kung'oa kila tunda alilishika kwa vidole viwili akalibinya, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Tunda lililolegea alilizungusha kidogo, likatoka. Lililokuwa gumu aliliacha, akaenda kwa linalofuata. Uso wake haukuwa unatazama tawi. Ulikuwa unatazama mbele, kwenye hewa, kama wa mtu anayesikiliza.

Nilirudi kwenye mstari wangu. Sikujua nimeona nini.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya dawa, nilitandaza matunda kwenye ungo barazani, mabivu na mabichi yamechanganyika. Nikamwita.

"Nitolee yale mekundu."

Akanyoosha mkono kuyabinya.

"Usiguse. Nionyeshe kwa kidole."

"Kwani tumerudi nasari?"

"Nionyeshe tu."

Alitazama kwa muda mrefu. Jua lilikuwa linapiga ungo moja kwa moja, na kwangu mimi yale mekundu yalikuwa yanapiga kelele. Akaonyesha moja, lilikuwa jekundu. Akaonyesha la pili, jekundu. La tatu lilikuwa bichi kama jani. La nne pia. Akateremsha mkono mwenyewe.

"Yote yanafanana," akasema. "Yana rangi ya majani makavu."

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya tatu. Nilifikiri ni ukungu wa asubuhi. Halafu ukungu ukaendelea hadi saa nane."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Alichukua tunda moja kutoka kwenye ungo, akalibinya. "Kituoni waliuliza macho vipi, nikasema sawa. Ningesema si sawa wangekatisha dawa. Tungeanza mwezi wa kwanza tena. Na wewe," akatazama mlangoni, pale kadi ilipotundikwa kwenye msumari, "ulivyoipenda hiyo kadi."

Vidonge vya siku hiyo vilikuwa kwenye kiganja changu, tayari vinaanza kulowa jasho. Nilimpigia simu ndugu yangu Laare, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia. Nyuma yake nilisikia watu wakipigiana kelele juu ya mafungu ya miraa.

"Usimwachishe," alisema. "Dawa kali ndiyo inayoponya. Akiruka hata siku moja wale wadudu wanaamka, tena wameshajua mbinu. Macho yatarudi yenyewe."

"Na yasiporudi?"

"Heri macho mabovu kuliko kaburi, si ndio?"

Alikuwa amesema wazi kile nilichokuwa nakiogopa. Upande mmoja kulikuwa na kifua, upande mwingine macho, na katikati mkono wangu ukiwa na vidonge. Kwa siku zaidi ya mia sikuwa nimeruka kisanduku hata kimoja. Nilijua kumeza ni nini. Kutokumeza sikukujua. Kilichonisaidia, na nikisema hivi watu hucheka, ni punda. Nilimkumbuka amesimama akitazama ubavu wake. Dawa nzuri, ya kweli, iliyofanya kazi kwa wengine wote boma zima. Nilivifunga vidonge kwenye karatasi, nikaviweka mfukoni, tukapanda boda. Sikutaka kuamua mimi. Nilitaka aamue mtu anayejua, asubuhi hiyo hiyo, na kisanduku kikae kitupu mpaka hapo.

Daktari alituona kabla ya foleni mara nilipomweleza. Aliuliza, "Amemeza za leo?" Nikamwonyesha karatasi. "Vizuri sana," akasema, na sijui kama anajua jinsi neno hilo lilivyonishikilia nisianguke. Alienda chumba kingine akarudi na kitabu chenye kurasa za madoa ya rangi, ambamo mtu mwenye macho mazima huona tarakimu. Mimi niliziona zote. Mdogo wangu aliona ya kwanza tu.

"Ni moja ya zile dawa," daktari alisema. "Inajulikana kufanya hivi, si kwa wengi. Hiyo tunaitoa leo. Nyingine ataendelea nazo, hatuachi zote, na mnaenda hospitali kubwa mjini Embu sasa hivi wamwone na wapange mpya ya kuziba pengo." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Ukiona kitu kingine, hata kidogo, unasema. Hakuna mtu atakayekurudisha darasa la kwanza kwa kusema ukweli."

Wakati anaandika barua ya kutupeleka Embu, nilishindwa kujizuia. Nilimweleza habari za punda wa shangazi, nikamwuliza: inajuaje?

Alicheka hadi akaziba mdomo kwa mkono wa sweta. Kisha akachukua bahasha, akachora duara nyuma yake.

"Dawa haijui kitu. Ikiingia kwenye damu inaenda kila mahali, mpaka kidole cha mguu. Inafanya kazi pale tu inapokuta kitu cha kushika. Huyu hapa mdudu wa kifua kikuu. Anajijengea ukuta mgumu nje, na hii dawa tuliyoitoa inamzuia fundi wake asipange matofali. Ukuta unabomoka, mdudu anakufa. Sisi hatuna ukuta wa aina hiyo. Inapita tu, haina pa kushika."

"Kwani jicho lina ukuta?" mdogo wangu akauliza.

"Hapana. Na hapo ndipo hata sisi tunakwama." Alichora mstari kutoka kwenye jicho kwenda nyuma ya kichwa. "Inaumiza huu mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Kwa nini huu na si mwingine, hakuna aliyethibitisha. Wengine wanafikiri dawa inakamata madini ambayo mshipa unayahitaji kidogo sana. Kama shaba."

"Shaba ndiyo hii kopa ya kahawa?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

Nimeibeba kopa mgongoni miaka yote, ya kuulia kuvu, na kumbe ndani ya kichwa cha mdogo wangu kuna uzi unaoihitaji ili ujue rangi. Swali langu lilikuwa limejibiwa, na hapo hapo likazaa mengine matatu. Daktari alikunja barua.

"Macho yatarudi?" nikauliza.

"Mara nyingi hurudi, polepole, yakiwahiwa. Siwezi kukuahidi."

Hospitalini Embu walirudia yale yale kwa mashine kubwa zaidi, wakabadilisha dawa, wakasogeza tarehe ya kumaliza mbele kidogo. Nilipewa kadi mpya. Ile ya zamani ina kisanduku kimoja kitupu, na sijawahi kukijaza.

Tuliendelea, safari hii kwa kazi mbili. Asubuhi vidonge na alama. Jumapili baada ya kanisa, ungo. Kahawa ilipoisha nilitumia nyanya mbivu na mbichi, kisha vibanio vya nguo. Majuma ya kwanza hakuna kilichobadilika, naye alianza kusingizia kichwa kila nilipochukua ungo. Siku moja ya Januari, kabla sijamwuliza chochote, alisema, "Hiyo leso yako ina maua." Nimekuwa na leso hiyo tangu mama alipokuwa hai. Ina maua mekundu kwenye kijani. Nilienda nyuma ya nyumba kuangalia ng'ombe ambaye hakuhitaji kuangaliwa.

Alimaliza dawa. Kifua kilipimwa, kikawa safi. Macho yalirudi karibu yote. Nasema karibu, kwa sababu msimu mdogo wa kahawa ulipofika, niliona kwamba jekundu kabisa analiona na bichi kabisa analiona, lakini yale yanayogeuka, ya manjano yenye wekundu kidogo upande mmoja, bado yanampotea. Hayo huyabinya. Karani hajaturudisha tena nyuma ya foleni. Cucu anasema ni kwa sababu bwana amepatikana, jambo ambalo si kweli bado.

Juma lililopita tulikuwa kwenye mstari mmoja, na nilimwomba anifundishe.

"Kufanya nini?"

"Kuchuma unavyochuma wewe."

"Funga macho," akasema. "Usichague. Shika tu kila unachokikuta. Likilegea, zungusha. Likikataa, liache."

Nilifunga macho. Sikujua kwamba tawi la kahawa lina mambo mengi hivyo. Vidole vilipita kwenye majani, kwenye vikonyo, kwenye matunda magumu kama kokoto, na ghafla kwenye moja laini lililokubali kutoka karibu bila kuvutwa. Nilipapasa tawi zima hadi ncha. Nilipofungua macho kiganja kilikuwa kimejaa mekundu, nikajisifu kwa sauti.

Mdogo wangu aliinama juu ya kiganja changu, karibu sana, kama anavyofanya siku hizi. Alichokoachokoa kwa kidole, akatoa matunda matatu mabichi yaliyokuwa yamejificha katikati ya mabivu. Sijui yalikubalije kutoka. Pengine yalilegezwa na jua, pengine na mkono wangu.

"Hukuyachukia," akasema. "Hata hukujua kama yapo. Kama ile dawa tu."

"Sikujua."

Aliyaweka kwenye mfuko wa aproni yake badala ya kuyatupa. "Haya matatu ndiyo mimi," akasema, akahamia mti unaofuata, akaanza kubinya.